Mmea wa Kwanza Nje ya Dunia

Nyumbani kwetu Kibaoni, binti yangu alinifundisha gemu ya kuchunguza anga. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuufikia mmea mmoja wa kigeni kabla hewa ya vazi langu la angani haijaisha. Mmea huo uling'aa katikati ya bonde lenye mimea ya rangi ya zambarau, iliyosimama kwa mistari kama mpunga wa Idete. Nikaanza kulizunguka bonde taratibu.

"Baba, ingia! Hewa inaisha!"

"Natafuta tuta la kupitia. Siwezi kukanyaga shamba la watu."

"Watu gani, baba? Huko hakuna mtu!"

"Na mistari hii imejipanda yenyewe?"

Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele, aliniunga mkono. "Apige hodi kwanza."

Nikapiga hodi. Hewa ikaisha, nami nikafa pembeni mwa shamba, bila kukanyaga hata jani moja.