Majani ya Senyenge na Sungura wa Mjukuu Wangu

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe. Mzee wangu, ambaye sasa hayupo. Wifi yangu, dada ya mzee, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia matunda kule Eneo la Viwanda, Thika. Mjukuu wangu wa kwanza, binti ya kijana wangu mkubwa. Na jirani yetu, mama Mwislamu mwenye duka, ambaye si ndugu wa damu, lakini kitinda mimba wangu alinyonya kwake wakati nilipolazwa, kwa hiyo sijui niseme ni nani kama si ndugu. Majina yao yote ninayo, hata la sungura, lakini nimeombwa nisiyaandike na nimekubali.

Nitasema tu kwamba mjukuu huyo ana jina langu. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Kwa sababu hiyo mzee alikuwa akimwita bibi yangu mdogo, na mtoto anamjibu, "Guka," yaani babu kwa Kikuyu, "mimi siolewi na mtu hana meno." Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Mugutha, wakati bado kuna mashamba huku Ruiru na nyumba za kupangisha ni za kuhesabu. Wazazi wa mtoto walikuwa wamepanga chumba Mwihoko. Baba yake alimnunulia sungura jike, mweupe mwenye masikio ya kijivu, naye mwenye ploti akasema hataki mnyama kwa nyumba yake. Sungura akaletwa kwetu, na mtoto akawa anakuja kila shule zikifungwa.

Mzee hakumpokea kwa furaha. Kwake sungura alikuwa nyama, kama kuku. Na kulikuwa na kanuni pale nyumbani, aliyoikuta kwa baba yake: mnyama hafi peke yake. Jogoo akianza kuinamisha kichwa tu, anachinjwa mchana huo, kwa sababu akisubiriwa afe ni hasara na ni dhambi pia. Akamwambia mtoto, "Huyu atakaa bora awe mzima. Siku ataugua, ni kisu. Tumeelewana, bibi mdogo?" Mtoto akaitikia. Sungura alikuwa mnene, anarukaruka. Angekataa nini?

Tulikuwa tukimlisha matawi ya viazi vitamu, kama kila mtu huku kwetu. Unakata, unaanika kidogo yanyauke, unampa. Lakini likizo hiyo ya Agosti tulikuwa tumevuna viazi, na matawi yalikuwa yamebaki machache pale karibu na mfereji. Jumapili wifi akaja kututembelea na kulala. Wifi ni mtu hawezi kukaa bure. Nilikuwa napepeta maharagwe, akasimama na kusema, "Nyinyi kaeni, mimi natafutia huyu mgeni wenu chakula." Mjukuu, ambaye alituita sote wawili Cucu, yaani nyanya, akamwambia, "Cucu wa Thika, wewe unajua chakula ya sungura kweli?"

"Mimi? Mimi nimezaliwa katikati ya viazi, wewe umezaliwa mjini, hospitali ya Pumwani!"

Hakukawia. Alirudi na mzigo mzima, akaurusha ndani ya kizimba, akanawa mikono, tukanywa chai.

Asubuhi mtoto akanijia jikoni. Hakulia. Alisimama tu mlangoni na kusema, "Cucu, amekataa kula."

Nikaenda. Sungura alikuwa amejikunja pembeni kama mtu mwenye baridi, macho nusu, anasaga meno. Tumbo nililishika nikakuta ni gumu. Chini ya waya wa kizimba hakukuwa na kinyesi hata kimoja, na sungura ni mnyama wa kunya kutwa kucha. Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na kisu mkononi. Sisemi alikuwa mkali. Uso wake ulikuwa wa huzuni kabisa.

"Tulielewana," akamwambia mtoto.

"Guka, ngoja kidogo."

"Nikingoja atakufa, na atakufa vibaya. Wacha nimsaidie."

Mtoto akaweka mgongo kwa mlango wa kizimba. Wifi akatoka nyumbani akifunga kitambaa kichwani, akauliza kuna nini. Mimi wakati huo nilikuwa nimevuta tawi lililobaki ndani. Jani lilikuwa kama la kiazi, umbo la moyo, hata maziwa yalitoka nilipolivunja. Lakini shina lilikuwa na vinyweleo, tena limejisokota kama ule waya wa ndani ya kalamu. Kiazi kinalala chini. Hakina sababu ya kujisokota.

"Wifi, haya ulikata wapi?"

"Hapo kwa ua wa senyenge, upande wa duka. Viazi vimepanda mpaka juu, na nyinyi mnasema hamna chakula!"

"Tangu lini viazi vikapanda senyenge?"

Akalichukua lile tawi, akaligeuza. "Nilifikiri ni mbolea," akasema.

Siwezi kumlaumu. Miaka mingi mjini, unaona jani unalolijua na moyo unafurahi. Tukaenda wote mpaka kwenye ua, mzee na kisu chake. Pale mmea ulikuwa umefunika waya, na maua ya zambarau yalikuwa yamefunguka, yale ambayo jua likipanda yanajikunja. Nikachimba shinani kwa mkono. Mizizi myembamba tu, hakuna kiazi.

Mama wa duka akatusikia akatoka. "Habari za asubuhi, majirani. Mbona mnachimba maua yangu?"

Nikamweleza. Akashika mdomo. "Jamani, hayo ni ya urembo! Nilipewa mbegu na dada yangu. Mbuzi wangu nawafunga hapo hapo kila siku, wanamaliza hata katoni, lakini hayo hawayagusi. Mbuzi akikataa kitu, wewe utampa mtu?"

"Sungura si mtu," wifi akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ni mgeni wako, umempa sumu."

Lile neno ndilo lilimgeuza mzee. Alitazama maua, akatazama kisu. "Kama ni sumu iko ndani yake," akasema polepole, "nyama hiyo nani atakula?" Akageuka kumtazama mtoto. "Basi nikimchinja ni kumuua bure." Akakifuta kisu kwa suruali ingawa kilikuwa safi, akakirudisha nyumbani.

Tukaondoa kizimbani kila jani la senyenge. Tukampa nyasi kavu na maji safi, tukamfunika gunia mgongoni, na mtoto akakaa naye akimpapasa tumbo taratibu. Hakuingia kula chakula cha mchana. Wifi hakwenda kazini siku hiyo. Alisema hawezi kurudi Thika bila kujua kama atapona. Mama wa duka alipita mara kwa mara, kila mara na swali lile lile: "Amekunya?"

Jua lilipoanza kulegea, mimi nikiwa nasonga ugali, nikasikia mzee anapiga kelele huko nje: "Bibi mdogo! Bibi mdogo! Kuja uone mavi!"

Tukakimbia wote. Mtoto alikuwa ameenda msalani mara moja tu, na mzee ndiye alikuwa ameketi mahali pake. Chini ya waya palikuwa na vidonge vichache, vidogo, vyeusi. Tukavishangilia kama watu waliopata mvua. Sungura alikuwa anavuta unyasi mmoja, pole pole, kama mtu anayeonja.

Mtoto akamtazama babu yake. "Guka, sasa ameugua. Bado ni kisu?"

Mzee akafikiria. "Huo haukuwa ugonjwa," akasema. "Huyo alikuwa Cucu wa Thika."

Basi ndivyo ninavyokumbuka. Wifi anasema maua yalikuwa ya buluu na kwamba alikata matawi kidogo tu, si mzigo. Mama wa duka naye alihama, sijui angesemaje. Kama ulikuwepo, au ulisimuliwa na aliyekuwepo, na unaona nimekosea mahali, njoo uniambie, nitarekebisha.