Alikataa Kila Kitu Isipokuwa Yai

Jumapili iliyopita, hapa nyumbani kwangu Tororo, mjukuu wangu alisukuma sahani ya mayai mpaka ikafika ukingoni mwa meza, akakunja mikono na kusema hataki. Mama yake akaanza kumbembeleza: kidogo tu, kijiko cha baba, kijiko cha bibi. Watu mezani wakacheka. Mimi sikucheka. Niliinuka nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya jikoni. Walidhani nimechoshwa na deko la mtoto. Mtoto hana kosa, rafiki yangu. Waliokuwa wamenipandisha hasira ni watu ambao wengi wao wako kaburini, na ngoja nikueleze kwa nini, maana jambo hili nimelinyamazia muda mrefu na bado halijapoa.

Nilizaliwa Buhehe, nikakulia huko miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya na watu wakivuka kwenda soko la Busia upande wa Kenya kama unavyovuka uwanja kwenda kwa jirani. Baba alikuwa Msamia, akifanya kazi ya mikono huku Tororo na kurudi nyumbani Jumamosi. Mama alikuwa Mpadhola kutoka kijiji cha Kiyeyi. Alipoolewa hakujua Kisamia, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kile cha sokoni, na hata baadaye, alipokwisha kujifunza, hatukukiacha. Nikitaka kukumbuka mazuri, yapo tele. Ipo harufu ya muhogo ukikauka juu ya mwamba, upo mlio wa jiwe la kusagia wimbi alfajiri, zipo zile mbegu za ufuta zikirukaruka kwenye kikaango nasi watoto tukizisubiri zianguke. Watu wa rika langu wakikaa pamoja huyataja hayo, wakavuta pumzi na kusema zamani kulikuwa kuzuri. Mimi huwaacha waseme.

Kwa sababu nakumbuka pia kuku. Baba alipofika Jumamosi kuku alichinjwa, na mama ndiye aliyemnyonyoa, akamkatakata, akampika taratibu kwa moto wa kuni mpaka uwanja mzima ukanukia. Kisha akampakua wote akampelekea baba na wageni wake wanaume. Mwanamke hakula kuku. Hakula yai, wala kamongo, yule samaki mwenye sura ya nyoka. Hata mchuzi hakuuonja. Unaelewa maana yake? Mama alipika kuku miaka yote ile bila kuonja chumvi, akikisia kwa macho na kwa harufu, na ikizidi aligombezwa. Ukiuliza sababu uliambiwa msichana akila yai hatazaa, na mwanamke akila kuku hatatulia nyumbani, atakwenda akipekuapekua kwa watu. Tuliambiwa hayo na wanaume huku midomo yao iking'aa mafuta.

Mdogo wangu, msichana, alikuwa na miaka mitatu hivi, na hakutaka chakula. Simaanishi alikuwa na maringo kama watoto wa siku hizi. Ugali wa wimbi na muhogo aliufumbata shavuni mpaka ukamchuruzika. Dagaa aliwatema. Kunde, mrenda, viazi vitamu, maziwa ya mgando, kila kimoja kilimtosha baada ya tonge moja, na pengine hata hilo halikushuka. Mama alijaribu kila njia. Alimfinyangia ng'ombe wadogo wa ugali, akawapanga sahani nzima, akalia kama ng'ombe. Aliwaita watoto wa jirani waje kula naye, akidhani ataona wivu. Wakamaliza chakula wao, wakashukuru wakaenda zao, na mdogo wangu akabaki anawaangalia wanavyokwenda.

Dada mkubwa wa baba alikuwa akikaa nasi. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akarudi kwa kaka yake, na tangu hapo hakuna chungu kilichoinjikwa bila yeye kujua. Shangazi alikuwa na njia yake ya kulisha. "Hii mtoto iko na kiburi," alisema. "Lete hapa, mimi nalisha yeye." Alimlaza mapajani, akamziba pua kwa vidole, akakinga kiganja chini ya mdomo wake na kumwagia uji humo. Mtoto alipofungua mdomo kutafuta pumzi, uji ukaingia. Miguu yake ilipiga hewa. Mimi nilikuwa nashika miguu hiyo, kwa amri ya shangazi, na mama alisimama mlangoni akiuma kanga yake kwa meno. Dakika chache baadaye uji wote ulirudi.

Akakonda. Nywele zikageuka nyekundunyekundu na kuwa laini, miguu ikavimba, akawa analia bila sauti. Majirani wakaanza kumwangalia mama kwa namna ile wanavyomwangalia mtu ambaye karibu atafiwa.

Yai lilikuja kwa bahati tu. Jumamosi moja mama alimkaangia baba mayai, baba akaacha kipande sahanini, na sahani ikarudi jikoni. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na mafiga. Akakichukua kile kipande, akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. Kisha akanyoosha mkono na kusema, "Ingine." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba chakula. Mama alikwenda mlangoni, akatazama kulia na kushoto uwanjani, akarudi, akavunja yai kwenye kikaango.

Tangu siku hiyo, kila shangazi alipoondoka asubuhi kwenda kisimani, mama alimpa mdogo wangu yai. Pengine alimpondea ndani ya kiazi, pengine alilichemsha pamoja na maji ya kuoga. Maganda niliyafukia mimi shambani kwenye mihogo. Mama hakuonja hata kidogo, nawe uniamini. Kwao Kiyeyi alikuwa amekula mayai akiwa msichana, kwa sababu baba yake alikuwa katekista, mwalimu wa dini, na mwiko huo alikwisha utoa nyumbani kwake. Lakini hapa alikuwa kwa watu, na aliheshimu. Alivunja mwiko kwa ajili ya mtoto tu. Na mtoto akanawiri. Uvimbe ukashuka, mashavu yakajaa, akaanza kukimbiza vifaranga. Kidogokidogo, tumbo lilipokwisha kuzoea kazi, akakubali na ugali. Shangazi akawaambia watu kisimani kwamba ni uji wake ule wa kiganja uliofanya kazi.

Basi ikafika Jumamosi moja jioni. Baba alikuwa ameketi uwanjani na wageni wawili wa ukoo, nasi tuko kwenye mkeka hatua chache kutoka kwao. Watoto wadogo waliruhusiwa kusogea karibu na baba, na mdogo wangu akaenda kusimama gotini pake. Baba alifurahi kumwona amenenepa. Akammegea tonge la ugali. Mtoto akatikisa kichwa, akasema kwa sauti yake nyembamba, watu wote wakisikia, "Mi nataka yai. Kama ya asubuhi."

Shangazi aliweka bakuli chini. "Yai? Nani nakupa wewe yai?"

Mtoto hakujua kuna hatari. Alicheka, akamwonyesha mama kwa kidole.

Mama angeweza kukataa. Mtoto wa miaka mitatu husema mengi. Lakini alisimama wima akasema, "Ni mimi. Hii mtoto ilikuwa nakufa, wifi. Hata wewe uliona kwa macho yako."

"Kwenu Kiyeyi ndio wanawake nakula kama wanaume," shangazi akasema. "Hapa si Kiyeyi. Unataka msichana yetu ikose kuzaa?"

Nilimtazama baba. Nakwambia kweli, mpaka leo namtazama. Binti yake alikuwa amesimama mbele yake, hai, mnene, mikono juu ya goti lake. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja. Baba alinawa mikono, akaikausha polepole, akawatazama wale wageni wa ukoo ili ajue uso wake ukae vipi. Halafu akasema, "Kesho utakwenda kwenu. Urudi na mbuzi ya kusafisha nyumba."

Asubuhi mama alimpaka mdogo wangu mafuta mwili mzima, akafunga vitu vyake ndani ya shuka na kuvibeba kichwani. Akaniambia, "Usiache yeye alale njaa." Alidhani ni safari ya siku chache, nami nilidhani hivyo.

Babu wa Kiyeyi alikataa kutoa mbuzi. Tulisikia maneno yake kutoka kwa watu waliokwenda kumwona: "Mbuzi kwa sababu mtoto amekula? Waje wachukue mke wao bure, mbuzi hapana." Na baba akasema bila mbuzi hamtaki. Walimwacha mama aanguke katikati yao, wazee wawili wenye kichwa kigumu, mmoja akilinda dini yake na mwingine akilinda uso wake mbele ya ukoo. Hakuna aliyemwuliza mama mwenyewe. Hata babu, ambaye watu wa Kiyeyi humsifu mpaka leo kwa msimamo wake, nina hasira naye. Angetoa mbuzi yule. Mbuzi huzaa wengine. Mwaka uliofuata baba akaoa mke mwingine, mwanamke mpole aliyejua kukisia chumvi.

Unataka kujua mdogo wangu alikulaje baada ya hapo? Alikula kila kitu. Ugali, dagaa, mrenda, hata ukoko uliounguzwa, chochote alichowekewa alikimaliza na kulamba vidole, haraka, macho yake yakiwa kwa shangazi. Hakuchagua tena chakula maisha yake yote, na hakuomba kuongezewa. Alikuwa ameelewa, kwa akili yake ile ndogo, kwamba aliomba chakula na mama akaondoka. Shangazi aliwaonyesha wageni: "Mnaona? Sasa nakula vizuri." Nilitamani kumrukia. Hata sasa natamani.

Siku hizi ukienda Busia utawakuta wanawake wameketi vibandani wanaagiza kuku nusu na pilipili, wanacheka, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Wasichana wa Buhehe wanakwenda shule na mayai ya kuchemsha. Ule mwiko umekufa. Wapo wanaolia kwamba mila zetu zinapotea, nami kwa huu silii hata chozi moja. Kinachoniuma ni jinsi ulivyoondoka. Uliingia nyumbani kwetu kwa kelele, wazee wakaitwa, mama akafukuzwa. Ulipotoka haukuitiwa mkutano wala kuchinjiwa mbuzi, na sijawahi kukutana na mtu anayeweza kuniambia ni siku gani watu waliamua kuwa basi.

Mama alifia Kiyeyi, kwa kaka yake, na kwa kuwa alikuwa binti aliyerudi, walimzika pembeni, nje ya ua. Mdogo wangu alikuja na watoto wake sita. Baba alikuwa amekwisha tangulia. Kutoka Buhehe wakaja watu wachache kwa heshima ya ukwe, na mbele yao shangazi, mzee sasa, akitembea kwa fimbo. Wakwe hupewa kuku, kwa hiyo walipewa kuku, na mimi ndiye niliyepeleka bakuli.

Shangazi alichagua paja. Akala kwa raha, akavunja mfupa kwa magego na kuufyonza. Nilisimama mbele yake na jagi la maji mkononi.

"Senge," nikasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, "tangu lini wewe nakula kuku?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Ee, ile ilikuwa mambo ya zamani, mwanangu. Siku hizi sisi nakula tu."

"Hiyo siku mlianza kula," nikamwuliza, "kwa nini hakuna mtu alikuja hapa kuambia mama arudi nyumbani?"

Wakwe wote waliacha kutafuna. Shangazi alifikiri kweli, nilimwona akifikiri, mfupa ukiwa mkononi, akitafuta jibu la haki.

"Hakuna mtu alikumbuka," akasema.