Gari Lililokataa Kuugua Mbele ya Mama Fyuzi

Saa tatu kasoro asubuhi. Mama Fyuzi ameinama mbele ya gari la buluu lililochakaa, kichwa chote kimezama kwenye injini, na anaiuliza injini swali.

"Una nini wewe? Sema basi, una nini?"

Injini inanguruma vizuri tu. Haikohoi wala haitetemeki. Kwa fundi mwingine hiyo ni habari njema, lakini kwa Mama Fyuzi ni balaa. Gari hili limeletwa kwa sababu linazima njiani bila taarifa, na leo ni siku ya kumi na moja anaitafuta sababu.

"Kichwa changu kimeganda," anasema, akijifuta mikono kwenye ovaroli. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Gari bovu nalielewa, gari zima nalielewa. Hili sijui niliite nini."

Mama Fyuzi ana miaka hamsini na minne, ni fundi wa umeme wa magari, na jina alilopewa na wazazi wake wateja wengi hawalijui. Gereji yake ina mlango mmoja wa bati, meza ndefu, na nafasi ya magari mawili yakibanana. Siku njema hupokea magari manne. Siku mbaya hufagia, akafunga mlango.

Shingoni amevaa futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani. Hapimii nguo, anapimia waya. Kabla ya magari alishona magauni kwa miaka kumi na miwili, mpaka nguo za dukani za bei chee zikamnyang'anya wateja. Akaanza kushona vifuniko vya viti vya magari, akawa anachungulia wenzake wanavyounga nyaya.

"Nikajisemea, kumbe waya ni uzi tu. Tofauti yake uzi haukurushi ukiushika vibaya."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Kwenye benchi, hatua tatu kutoka alipo, ameketi mama mmoja mwembamba aliyefunika miguu kwa shuka. Huyo ndiye mke wa mwenye gari, na kwa sababu yake Mama Fyuzi hawezi kusema basi, nimeshindwa.

Mama huyo husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na hospitali iko mwendo wa dakika arobaini. Mwezi huu gari limewazimia wakienda huko mara mbili. Mara ya pili walichelewa, mashine akapewa mgonjwa mwingine, naye akarudi nyumbani vilevile. Kesho yake miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia.

Mume wake, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu, anasimama kando ya gari mikono nyuma, kana kwamba anasimamia mtihani.

"Fundi, kesho Ijumaa tunakwenda tena," anasema. "Likizima kesho, naliuza vyuma chakavu. Afadhali nijue moja kwamba sina gari."

"Na mama ataendaje, Mwalimu?"

Mwalimu anageuka kumtazama mke wake.

Si kwamba Mama Fyuzi amekaa bure. Mashine ya kusoma hitilafu ilimwonyesha kasoro iko kwenye sensa, kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Sensa hiyo ikinyamaza, kompyuta hukata moto papo hapo. Akabadilisha sensa. Wakalichukua, likazima tena njiani. Akaweka ya pili, akidhani ya kwanza ni feki. Likazima. Akapima waya wake kwa mita, mwanzo mpaka mwisho, ukasoma vizuri. Akaliendesha mitaa mitatu, likaenda kama jipya.

Jirani yake, fundi wa breki, hakosi la kusema. "Linakuogopa hilo! Kama mtoto kwa daktari wa meno, akifika tu mlangoni jino haliumi."

"Nenda kasugue breki zako huko," Mama Fyuzi anamrudishia.

Jambo moja Mwalimu alilisema tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelisikiliza. Gari likizima, alisema, hushuka, hufungua boneti, hutazama tu bila kugusa kitu, akirudi kwenye usukani linawaka.

"Nilimcheka," Mama Fyuzi anakiri. "Nikamwambia, Mwalimu, unalitolea macho ya darasani, lazima liwake."

Leo injini imenguruma karibu saa nzima. Joto linapanda, mafuta yananuka. Mama Fyuzi amesimama upande wa pili wa boneti iliyoinuliwa, anamweleza mke wa Mwalimu kwamba huenda kompyuta yenyewe imechoka, na huenda ikabidi kuitafuta nyingine.

"Mwanangu," mama yule anamkatiza kwa sauti ndogo, "funga hiyo boneti nikuone. Habari mbaya siwezi kuipokea kutoka kwa bati."

Mama Fyuzi anaomba radhi, anateremsha boneti. Paa!

Injini inazima.

Hata jirani wa breki amesimama na spana hewani. Mama Fyuzi anafungua boneti, anageuza ufunguo, na injini inawaka. Anafunga. Linazima. Anarudia mara nne, mara nne zote ni vilevile, na kila mara uso wake unazidi kukunjamana.

"Sielewi," ananong'ona. "Wallahi sielewi. Boneti na sensa zinajuana wapi?"

Halafu anakaa chini kwenye tairi kuukuu, mkono kwenye futi ya shingoni, na ghafla anajipiga paji la uso.

"Nguo hupimwa imevaliwa!" anasema kwa sauti. "Mezani kila gauni ni zuri, likivaliwa ndipo kwapa linapasuka. Na mimi siku kumi na moja nampima mtu akiwa uchi!"

Ni kweli. Fundi hupima injini boneti ikiwa wazi, apime vipi tena? Ile safari yake ya mitaa mitatu boneti ilifungwa, ila injini haikupata muda wa kupata joto. Anachukua tochi, anafuata waya wa sensa, safari hii akitazama unapita wapi. Unapanda juu ya boksi la chujio la hewa, mahali ambapo boneti ikifungwa huukandamiza. Umefungwa kwa uzi mweupe, mafundo mawili, nadhifu kama pindo la gauni la harusi.

Anakata uzi, anauvuta waya taratibu. Ganda linavutika, zima kabisa. Ndani shaba imekatika, ncha zinagusana kwa bahati tu. Ukipata joto na kukandamizwa, zinaachana. Boneti ikiinuliwa, zinarudiana, na zikipoa kidogo, kama kwa Mwalimu njiani, hushikana hata ikifungwa tena.

Angeweza kuunga waya akanyamaza. Nani angejua?

"Mwalimu," anasema, "mkono huu ni wangu. Ulipolileta nitengeneze taa miezi miwili iliyopita, nilipanga nyaya zote upya. Niliona zimekaa ovyo. Nilizipendezesha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nimeishona mwenyewe."

Mwalimu anavua miwani. "Siku ile miguu ya mke wangu ilipovimba," anaanza, akiifuta kwa shati.

"Mwache aunge waya," mke wake anasema. "Kesho tuna safari."

Mama Fyuzi anaunga waya mpya, anaupitisha chini pembeni, anauachia ulegee kidogo. Machozi yanamdondoka kwenye injini na hayafuti. Wanaliacha gari lingurume saa moja na nusu, boneti imefungwa. Halizimi.

Ijumaa jioni Mwalimu anapita mbele ya gereji, hasimami, ila mke wake anainua mkono dirishani. Viatu amevaa.

Ukimuuliza Mama Fyuzi sasa anatarajia nini, hazungumzii gereji kubwa wala mashine mpya. Anatazama ukutani, alikoandika kwa chaki: FUNGA BONETI KWANZA.

"Kufunga waya hivyo nilianza mwaka juzi. Nilijiona mjanja. Ni magari mangapi? Sijui. Thelathini? Sijui. Yako barabarani na yamebeba watu." Anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Wewe si unaandika gazetini? Andika. Mwenye gari nililolipanga nyaya afungue boneti, atazame juu ya boksi la hewa. Akiona uzi mweupe, mafundo mawili, asisubiri lizime. Alilete, natengeneza bure."

Haogopi wateja kumkimbia?

"Naogopa," anasema. "Andika hivyohivyo."