Hakuna Kupita Mupaka

Nianze kwa kusema ukweli, nina aibu. Kuna watu Gisenyi hii hawajui jina langu, hawajui hata ninauza nini, lakini waulize tu yule jamaa aliyezuia fataki anakaa wapi, watakushika mkono mpaka mlangoni pa duka langu. (Nauza misumari, rangi na mabati, karibuni, ila kama mnakuja kuniangalia uso tu, basi nunueni angalau msumari.) Nimejaribu kusema hakuwa mimi, eti ni ndugu yangu tunafanana, haikusaidia kitu, kwa sababu siku ile nilimulikwa taa usoni, na taa yenyewe haikuwa ya mchezo.

Bon. Denise mnamjua, mwalimu wa kule Nyakiriba, mchumba wangu. Tulikuwa tumeshakubaliana yote, wazee wangu wako tayari kwenda kuposa, kilichobaki ni neno moja tu la mama yake. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la nyumba ile analo mama, na mama yule, jamani, si mtu wa kusema ndiyo ovyo. Familia yao ilirudi kutoka Tanzania, Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na vijana waliotangulia kabla yangu aliwarudisha wote, mmoja eti kwa sababu alikunywa chai kwa kelele. Sasa alipotuma habari kwamba anakuja Gisenyi kuniona kwa macho yake kabla ya kujibu chochote, mimi usingizi uliniruka. (Mi nimekulia Goma, hapo ng'ambo tu, Congo, Kiswahili yetu mnaijua. Denise amenisahihisha weee, ndiyo maana leo nawaambia mtu na mzuri, lakini nikishikwa na hofu inarudi ile ile ya mutu na muzuri.)

Jumamosi aliyofika, hoteli moja ya kando ya ziwa ilikuwa inafungua jengo lake jipya, wakaahidi fataki jioni, giza likiingia tu. Nikasema Mungu ananipenda, nitamwonyesha Mama Denise mji wetu ukiwa umevaa nguo za sikukuu. Tukafika ufukweni mapema, mimi nikamwacha yeye na Denise pale kwenye majani, nikaenda kutafuta brosheti, mishikaki yetu ya hapa. Na hapo kwenye brosheti ndipo mkasa ulipoanza, kwa sababu likapita gari la matangazo na spika zake juu, likatangaza kwa Kinyarwanda, sikushika hata neno, muuzaji alikuwa anagombana na mteja juu ya pilipili, halafu likaanza kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa Goma, na hicho nikakisikia vizuri kabisa: "Mutumbwi yoyote haina ruhusa ya kupita mupaka..." na papo hapo pikipiki moja ikapiga honi ndefu, gari likasogea mbele, basi.

Sasa jamani, sisi tumekulia mpakani. Mtu wa hapa ukimtajia mupaka akiwa usingizini, anapapasa mfukoni kutafuta kitambulisho. Nikaelewa nilivyoelewa, kwamba leo mitumbwi isivuke kwenda upande wa Congo, na nikaona ni sawa, nani alikuwa na mpango wa kwenda Congo na brosheti mkononi?

Nikarudi, nikakuta watu wameshajaa, wametoka Mahoko, wametoka Kanzenze, wengine wametoka ng'ambo ya pili, wamesimama mbele yetu kama ukuta. Na Mama Denise, tusimseme vibaya, kimo Mungu alimpunguzia. Akanyoosha shingo huku, akanyoosha huku, akasimama kwa vidole, mwisho akashusha pumzi akasema, "Kwa hiyo nimesafiri kutwa nzima kuja kutazama migongo ya watu."

Hakusema kwa hasira, ila mimi nilimwona yule kijana wa chai. Nikasema hapana, leo sirudishwi. Rafiki yangu Kazungu ana mtumbwi mdogo wa kutembezea wageni, na mchana, kabla ya tangazo lolote, alishaniambia kwa simu, "Chukua tu, iko pale pale, gilet za kuogelea ziko ndani." Nikamgeukia Mama Denise, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha kupiga pasi, "Mama, kama utapenda, naweza kukupeleka ziwani kidogo, utaona fataki bila mgongo wa mtu yeyote." Uso wake ukafunguka. Denise (anayaogopa maji hata ya beseni) akanivuta shati pembeni.

"Fidèle, una hakika inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Wamesema tu tusipite mupaka."

"Wamesema hivyo?"

"Nimesikia na masikio yangu."

Na kweli nilisikia na masikio yangu, hapo sikudanganya.

Basi nikamvalisha Mama Denise gilet ya rangi ya chungwa, ile jaketi ya kuelea majini, juu ya kitenge chake kipya, akapanda na mkoba wake, mwavuli wake na brosheti zetu, tukaondoka. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana, hata mkikutana njiani unapisha pembeni na macho chini, na mimi ambaye hata ukwe wenyewe sijaupata nimemketisha mtumbwini, magoti yetu yanakaribia kugusana. Nilipiga kasia nikitazama kila kitu isipokuwa yeye. Lakini alikuwa amefurahi, wallahi, alikuwa anachezesha vidole kwenye maji, akaniuliza kama duka ni langu au nimeajiriwa, nikamjibu ni langu, akasema "Mhh," na ile "Mhh" ilikuwa nzuri, ilikuwa "Mhh" ya mtu anayekaribia kukubali.

Ziwani hakukuwa na chombo hata kimoja. Hapo mutu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajisemea moyoni, watu wa Gisenyi wamelala kweli, nafasi yote hii hawaioni! Mbele kidogo kulikuwa na maboya yenye taa nyekundu yamepangwa mduara, nikasema tazama hoteli ilivyopamba, nikapita katikati yake. Ndani ya mduara kulikuwa na jukwaa la mbao linaloelea, lina mabomba mabomba yamesimama wima, nikadhani ni la wanamuziki. Nikaacha kasia, nikamwambia, "Mama, hapa ndipo penyewe."

Muziki wa ufukweni ukazimika. Mshereheshaji akaanza kuhesabu kurudi nyuma, umati unahesabu naye, tano, nne, tatu, halafu akakatika. Kisha ikaja sauti kutoka kwenye boti ya polisi, kwa kipaza sauti, inagonga maji na kurudi:

"We bwana uko ku mutumbwi! We na bibi yako! Mutoke apo mbio!"

Nikacheka. Nikamwambia Mama Denise, "Kuna mjinga mmoja amejiingiza mahali." Naye akacheka, akasema, "Wajinga hawakosekani," na tukageuka wote wawili kumtafuta mjinga huyo yuko upande gani. Ndipo taa ikatuangukia. Niliona mikono yangu nyeupe, niliona brosheti, nikamwona mama mkwe wangu wa baadaye ameng'aa kama chungwa sokoni, na nyuma ya taa nikasikia ufukwe mzima umesema "Eeeeh!" kwa pamoja.

"Ndiyo, ni weye!" sauti ikasema. "Na bibi yako!"

Hapa niwaeleze wale wasiojua. Kwa Kiswahili cha kwetu, bibi ya mutu ni mke wake. Kwa hiyo mbele ya Gisenyi nzima, na Goma nusu, nimetangazwa niko ziwani gizani na mke wangu, na mke mwenyewe ni mama wa mchumba wangu, na mchumba amesimama pale pale ufukweni. Nilitamani ziwa linimeze. Miluzi ikaanza. Mshereheshaji naye, mtu asiye na huruma, akachukua kipaza chake: "Mutuvumilie kidogo, fataki haiwezi kuwaka, bwana na bibi yake wamekuja kupendana pembeni ya baruti!" Watu wakaangua kicheko, wengine wakazomea, maana watoto wao walikuwa wamechoka kungoja.

Lakini Mama Denise hakusikia mke. Yeye kwa Kiswahili chake cha Karagwe, bibi ni mama wa mama, mwanamke wa mkongojo na meno ya kuhesabu. Akanigeukia taratibu.

"Nani bibi?"

"Mama, hawamaanishi..."

"Mimi nimekuwa bibi lini? Nina mjukuu mimi? Nimezeeka mimi?"

Na akasimama. Mtumbwi ukayumba, nikaudaka mkoba wake badala ya kudaka kasia, na kasia likaondoka zake polepole likielekea, nadhani, huo mupaka wenyewe. Nikabaki napiga maji kwa viganja. Jasho linanitoka, nasema pole Mama, pole Mama, keti Mama, naye hata hanisikii, amefungua mwavuli na kuufunga tena.

Boti ya polisi ikatufikia. Yule afande akainama kutufungia kamba, kipaza sauti bado kiko mkononi na bado kinawaka, akasema kwa upole kabisa, "Bibi, ikaa chini, utaanguka." Lo! Alipoita tena jina lile, Mama Denise akaushika mkono wake pamoja na kipaza chake, akapiga kelele ambayo nina hakika ilifika Goma bila pasipoti:

"Mimi si bibi! Na si bibi yake! Huyu ni mkwe wangu! Mimi ni mama mkwe wake, mnasikia? MAMA MKWE!"

Halafu kule ufukweni mwanamke mmoja akapiga vigelegele, wa pili akapokea, na mara ufukwe wote ukawa harusi, watu wanapiga makofi, mshereheshaji anatupa hongera kwa Kifaransa, "Félicitations!", na mimi nimekaa chini mle mtumbwini nimekumbatia mkoba wa watu, sijui nilie au nicheke. Mama Denise alikuwa bado amesimama mdomo wazi. Nadhani naye alikuwa ndiyo kwanza anasikia alichosema.

Wakatukokota hadi nchi kavu, wakatuketisha kwenye benchi lao karibu na maji. Afande akanikazia macho.

"We hukusikia tangazo?"

"Nilisikia, afande. Mulisema hakuna kupita mupaka. Mi sikupita mupaka. Congo ile kule."

Akanitazama. Akamtazama mwenzake. "Tulisema hakuna mutumbwi kupita, mupaka fataki ziishe! Mupaka ziishe, we mutu! Mupaka ziishe!" Mwenzake akaondoka akaenda kuegemea ukuta, mabega yanacheka peke yake. Mimi nikabaki nalirudia kichwani, mupaka, mupaka ziishe, na kila nikilirudia najiona mjinga zaidi.

Ndipo fataki zikawaka. Zilikuwa nzuri, siwezi kukataa, na kwa kuwa tumewekwa benchi la mbele kabisa chini ya ulinzi, Mama Denise hakuzuiwa na mgongo wa mtu. Lakini mimi sikutazama juu. Nilitazama chini, ndani ya ule mduara wa maboya, nikaona vipande vya moto vinadondoka majini pale pale tulipokuwa, tss, tss, tss, kimoja kikubwa bado kinawaka. Nikamwona yeye na kitenge chake pale. Nikamwambia afande asante, na nilimaanisha. Akanionya vikali, akaniamuru niripoti Jumatatu nifundishwe taratibu za ziwani pamoja na Kazungu (ambaye hakunisemesha mpaka nilipomnunulia kasia jipya).

Denise alikuja mbio, macho yana machozi, sikujua ni ya kicheko au ya hasira, yalikuwa ya vyote viwili. Mama yake akasimama, akakung'uta kitenge, akasema, "Fidèle, tuelewane. Sijakwambia wewe ndiyo. Nilikuwa nawajibu wale."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa na hasira."

"Ndiyo, Mama."

Nilikubali yote, lakini moyo ulikuwa umeshuka hadi kwenye viatu. Usiku ule nilijua nimekwisha, hata chai ya yule mwenzangu ilikuwa na nafuu.

Asubuhi walikwenda sokoni, Denise ndiye aliyenisimulia. Muuza nyanya akamwambia mama yake, "Karibu, mama mkwe!" Wa viazi hivyo hivyo. Wa dagaa akamwongezea kiganja kizima cha sambaza, zawadi ya harusi. Walipofika mlangoni pa duka langu alikuwa amebeba kikapu kimejaa zawadi za watu asiowajua, kajasho kanamtoka, akaniangalia juu ya kile kikapu.

"Waambie wazee wako waje," akasema. "Ila waje kwa barabara."

Ndiyo hivyo nilivyopata mke, jamani, lakini sipendekezi njia yangu kwa mtu. Na nimeapa, tangazo lolote likipita sasa, nasimama nalisikiliza kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, nafunga na redio ya duka, nawanyamazisha na wateja, hadi neno la mwisho, hata kama ni muuza sumu ya panya.