Pembe Nne za Shamba la Mwanda

Karatasi iliporudi kutoka Nairobi niliikunjua mezani nikiwa na kiburi kidogo. Ilikuwa miaka ya themanini, na kampuni yetu ndogo ya wapima ardhi pale Voi ilikuwa imeacha kuchora ramani kwa mkono. Tuliandika namba za kila pembe ya shamba, tukazituma, na kompyuta huko ikaziunganisha kwa mistari, ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Nilikuwa msichana mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi, na nilifurahia sana kuwakamata wenzangu wamekosea.

Shamba moja la Mwanda, kule mlimani, lilikuwa limejisokota katikati kama shuka inayokamuliwa. Mistari miwili ilikatana, zikabaki pembetatu mbili, moja juu, moja chini, na kila upande kipande kisicho na mwenyewe. Kipande cha kushoto ndicho kilichokuwa na nyumba ya mjane mmoja na kaburi la mumewe. Muda wa mwenye shamba kupinga ramani kwa chifu wake ulikuwa unaisha kesho yake, Ijumaa, saa kumi jioni. Baada ya hapo ingepigwa muhuri, na ardhi isiyo na mwenyewe ingeandikwa ya serikali.

Nilifungua daftari la shambani nikiwa tayari kumtukana aliyeandika. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikaikumbuka siku ile. Wenye mashamba wengine walizunguka mipaka yao, nasi nyuma yao. Mjane yule mguu ulikuwa umevimba, akakaa juu ya jiwe, akanionyesha kwa fimbo: pembe mbili za juu, kisha mbili za chini, kila mara akianzia kushoto. Watu wa mlimani hulitaja shamba hivyo, juu kwanza, halafu chini. Mimi ni wa Mata, kwetu ni tambarare, shamba unalizunguka tu hadi ulikoanzia. Nilizipa pembe zake namba kama alivyozitaja, moja hadi nne, wala sikufikiri. Kompyuta nayo ikatii, ikakata mshazari kutoka juu kulia hadi chini kushoto. Dawa yake ilikuwa kubadilishanisha namba tatu na nne, basi.

Mkubwa wangu alisikiliza bila kuniangalia. "Fomu ya pingamizi ina mahali pa sababu," akasema. "Ukiandika ni sisi tulikosea, watarudisha karatasi yote, Mwanda nzima ipimwe upya, na wewe utafute kazi kwingine. Andika mwenye shamba alionyesha vibaya."

Asubuhi ya Ijumaa nilidandia lori lililokuwa limeshusha kabichi na sasa linarudi mlimani. Kwenye kona za kupanda injini ikachemka. Tulikaa kando ya barabara tukingoja ipoe, nami nikatazama saa mpaka dereva akaniuliza kama nina mgonjwa. Niliogopa kweli kweli.

Nilifika saa tisa kasorobo. Mama mzee alikuwa nje akipukuchua maharagwe. Nikamchorea shamba lake mavumbini, na ile mistari iliyokatana.

"Na mzee wangu amelala wapi hapa?"

"Ameachwa nje, nyanya."

Mikono yake ikasimama. "Nani alikosea?"

"Ni mimi." Nikamweleza yote, hata maneno ya mkubwa wangu, na machozi ya hasira yakanitoka.

Akaweka maharagwe kando. "Wewe una wazazi unaowalisha?"

"Ndiyo, nyanya."

"Basi andika ni mimi. Fanya haraka, chifu atafunga."

Ningeweza kukataa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na muda ulikuwepo. Niliandika vile alivyosema, kwa mwandiko mzuri, nikampaka wino kidoleni, kisha nikakimbia na fomu hadi kwa chifu. Ilipokelewa kabla ya saa kumi.

Shamba lilinyooka, na nyumba na kaburi vikarudi ndani ya mpaka. Kazi yangu nikabaki nayo hadi nikastaafu. Lakini kwenye faili imeandikwa kwamba mjane yule hakujua pembe za shamba alilolima tangu aolewe, na chini ya maneno hayo ni alama ya dole gumba lake.