Nilimkana Mama Mbele ya Kapu Lake

Admin, nifiche vizuri, maana huku kwetu tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na tatu, nimekulia Kasulu, nimeolewa Kibondo, nina watoto wawili, na ni katibu wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Hili ninalolisema halijui mtu, hata mume wangu. Mtakaotaka kunitukana nitukaneni tu, mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mama yangu ni Mrundi. Alikimbia vita nikiwa mgongoni, tukaishi kambi ya Mtabila, baadaye akaolewa na Muha wa Makere, hukohuko Kasulu, aliyenilea na kunipa jina lake. Uraia tulishapata, kwa hiyo siogopi serikali, naogopa midomo. Shuleni waliniita mkimbizi mpaka nikaapa kwamba nikikua sitaitwa hivyo tena. Kiha na Kirundi ni ndugu, mimi kujificha haikuwa kazi. Kazi ilikuwa mama, maana akifungua kinywa tu, Muha anajua huyu katoka ng'ambo. Siku ya posa nilimwambia ajifanye jino linamuuma. Akajifunga khanga shavuni, akakaa kimya mpaka wageni wakaondoka. Shangazi wa mume wangu akamsifu kuwa nimezaliwa na mama mpole.

Shangazi huyo ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu. Mwaka jana asali ilitupeleka Ulaya kwenye maonyesho, mimi na yeye. Siku ya mwisho mwenyeji wetu, mama wa Kizungu anayejua Kiswahili, akatupeleka kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ambalo watu wa dunia nzima hupanga foleni kuliingia. Jamani, kuzuri. Sakafu inang'aa, picha nyingine ni kubwa kuliko ukuta wa nyumba yangu. Kila aliyechorwa uchi Shangazi aliuliza kama hakuwa na ndugu wa kumstiri. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na viatu vipya vilikuwa vinanitafuna vidole, lakini nilikuwa na furaha kweli.

Kisha tukaingia chumba cha vitu vya kusuka. Ndani ya kioo, chini ya taa, kulikuwa na igiseke, kile kikapu cha Kirundi chenye mfuniko uliochongoka. Kwenye mfuniko kulizunguka mistari mitatu ya bluu, na wa katikati ulikuwa umepinda. Ule uzi wa bluu mama aliuchomoa kwenye magunia ya msaada. Na mstari uliopinda niliusuka mimi, nikiwa na miaka minane. Jirani alimwambia aufumue, mama akakataa, akasema uachwe, huo ni mkono wa mwanangu.

Nyumbani tulizoea kumtania. Alikuwa akisema igiseke chake kiko Ulaya, alimpa nesi wa Kizungu aliyemtibu mdogo wangu kambini. Sisi tukimjibu kwamba huyo nesi anawekea vitunguu.

Mwenyeji akatusomea maandishi ya pembeni: kapu lenye mfuniko, kambi ya Mtabila, msusi hajulikani. Akauliza kama sisi tunaotoka huko tunaweza kujua ni la nani. Shangazi akanigeukia.

"Mkamwana, wewe ndiye wa Kasulu. Unavijua hivi?"

Nikasema, "Sivijui. Hivyo ni vitu vya wakimbizi, sisi hatukuchangamana nao."

Sikutetemeka wala sikubabaika. Petro alikana akiota moto kwa woga wa kukamatwa, mimi nilikana kwenye kiyoyozi na hakuna aliyenishika hata mkono. Tukaendelea na chumba kingine, Shangazi akanipiga picha nikitabasamu. Ile picha mume wangu ameitundika sebuleni.

Niliporudi, mama aliniuliza niliona nini huko. Nikamwambia mapicha. Akacheka, "Na igiseke changu hukukiona?" Nikamjibu Ulaya ni kubwa, mama.

Wiki iliyopita mwenyeji yule amemwandikia Shangazi. Wale wa makumbusho wanataka kumpata aliyekisuka waliandike jina lake, waondoe hilo neno hajulikani. Shangazi, kwa kuwa mimi ndiye katibu na ndiye wa huko, kazi kanipa mimi, nizunguke Makere niwaulize wazee, na akasisitiza nisimruke hata mmoja. Anataka jibu Ijumaa.

Jumapili baada ya ibada nilipita kwa mama nikiwa nimeazimia kusema. Mtoto wa jicho amemzidi, anasuka kwa kupapasa. Alikuwa na igiseke kipya, anasema ni cha yule Mzungu aliyenipokea, maana mtu akikutunzia mwanao humwachi mikono mitupu. Akanipa sindano na uzi wa bluu, akaniita mwanangu kwa Kirundi chake.

"Mwana wanje, nisukie mstari huu. Mimi siuoni tena."

Nikausuka. Alipoupapasa akasema siku hizi umenyooka, akafurahi. Nikainuka nikaaga, nikarudi Kibondo na siri yangu.

Nikisema kweli, mume wangu na Shangazi watajua nimewadanganya miaka tisa, na mama atajua nilisimama mbele ya kazi ya mikono yake nikasema siijui. Nikinyamaza, atakufa akiitwa hajulikani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeandika jibu hilo. Mume na Shangazi naweza kuvumilia hasira zao. Ninachoogopa ni mama, kwa sababu najua hatanigombeza. Ataniuliza tu kama bado anatakiwa aumwe jino.

Ndugu zangu, Ijumaa hiyo inakuja. Nipeni maneno ya kuanzia, maana jina lake ninalijua na kulitaja kunanishinda. Nifanyeje?