Kipande cha Mama katika Shamba la Kanisa

Siku tuliyomzika mama tulikuwepo mimi, wadogo zangu Festo na Oresta, huyu akiwa bado anabebwa mgongoni, shangazi Leokadia aliyefika kwa lori kutoka Kasesya, jirani yetu Mama Skola, vijana waliochimba kaburi, katekista, na Mzee Severini, mwenyekiti wa jumuiya. Ni rahisi kuwataja wote kwa sababu wengine hawakuja. Walikwisha kusikia kwamba mama hatasomewa sala, na huku kwetu Ufipa mazishi yasiyo na sala watu huyapitia mbali. Nakumbuka harufu ya udongo uliotoka kuchimbuliwa, na ya nyasi zilizoanza kukauka, maana mvua zilikuwa zimekatika na upepo wa baridi umeanza kuvuma.

Kosa la mama lilionekana tangu barabarani. Kila kaya ilikuwa na kipande chake katika shamba la kanisa, na kila masika ilipaswa kukilima kwa matuta yetu ya mviringo, ntumba. Unakata nyasi zikiwa mbichi, unazifunika kwa udongo, zinaoza humo ndani, na msimu unaofuata unabomoa tuta na kusia ulezi juu ya mbolea hiyo. Masika yale mama alikuwa kitandani anakohoa. Vipande vya wenzake vilijaa matuta kama migongo ya ng'ombe waliolala. Chake kilibaki nyasi zinazofika kiunoni.

"Baba mwenyekiti, alikuwa mgonjwa," shangazi alisema, amepiga magoti.

"Najua, Leokadia. Lakini tukimsomea huyu, kesho nani atalima?"

Mama Skola, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, akauliza kwani Mungu naye siku hizi anakagua matuta.

Katekista alitazama viatu vyake. Jumapili iliyotangulia ndiye aliyetufundisha kwamba wokovu ni zawadi, kwamba hakuna anayeupata kwa kazi ya mikono yake. Nilikuwa darasa la sita na nilimwamini. Nikasubiri ayarudie maneno yale pale kaburini, mbele ya Mzee Severini. Hakuyarudia. Ndipo nikasema mimi, kwamba kipande cha mama nitakilima. Mzee Severini akasema vema, nikimaliza katekista atakuja kumsomea mama yangu. Wakafukia kaburi kimya, kikasikika tu kishindo cha udongo ukiangukia mbao.

Sikurudi shuleni. Nililima kiangazi kile chote, udongo umekuwa mgumu kama sakafu, nikifukia nyasi ambazo zilikuwa zimekauka zamani. Wapita njia walisema, "Pole na kazi, mwanangu," wakaendelea na safari zao. Hakuna hata mmoja aliyesimama kuniambia kwamba nyasi kavu zikifukiwa kiangazi haziozi. Mvua zilipoanza nikabomoa matuta mbele ya Mzee Severini, na nyasi zikatoka za njano, nzima, kama nilivyoziweka. "Hapa hujalima," alisema. "Umeficha nyasi. Utarudia zikiwa mbichi." Alikuwa mkulima tangu ujana wake. Alijua tangu siku niliyoinua jembe.

Nikarudia. Shamba letu wenyewe lingebaki pori, na wadogo zangu wangelala njaa, kama si Mama Skola. Hakuniambia wala hakuniuliza. Nilirudi jioni moja nikakuta matuta mapya nyuma ya nyumba yetu. Kwetu jembe hulipwa kwa jembe: aliyekulimia nawe unamlimia, au unampikia pombe. Kulipokucha nikaenda shambani kwake. Akaninyang'anya jembe.

"Nilikukopesha?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda kawapikie wadogo zako uji."

Nilipomaliza kipande, katekista alikuja kama ilivyoahidiwa. Alisoma harakaharaka kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda, kisha akatuhubiria juu ya neema isiyo na bei. Malengelenge yalikuwa yamenipasuka viganjani. Niliitikia amina pamoja na wengine, na safari hii watu walikuwa wengi.

Sasa Festo ana duka Majengo, na Oresta ni mama wa watoto. Mzee Severini alizikwa kwa kwaya. Festo huniambia, "Dada, mama alikuwa mikononi mwa Mungu tangu alipofumba macho. Jembe lako halikuongeza kitu." Najua. Naamini hivyo kuliko anavyoamini yeye, na hapo ndipo panaponiuma. Kama neema ilikuwa bure, basi waliniuzia kisichokuwa chao, nami nikakilipia kwa shule yangu.

Mama Skola haoni vizuri siku hizi. Kila masika naenda kwake na jembe begani, naye hunisikia kabla sijafika mlangoni.

"Umekuja tena kunilipa?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukusalimia tu."

"Marahaba. Na hilo jembe nalo limekuja kunisalimia? Liache nje, uingie ule."

Naliacha nje. Nakaa mkekani, nakula ugali wake wa ulezi, na kila tonge linashuka kwa shida, kwa sababu nilichofundishwa shambani kimeniingia zaidi ya nilichofundishwa kanisani. Ameniambia mara nyingi kwamba hanidai. Mwaka huu pia nimerudi nyumbani na jembe lisilo na udongo, na bado najihesabia deni lake.